Jeraha Limefunga, Maumivu Yamebaki



Barua ya juma hili imetoka mbali na bahari. Aliyeiandika ni mama mzaliwa wa pwani aliyeolewa Suneka, katika kaunti ya Kisii, kwenye barabara iendayo Migori, na jarida hili humfikia kila ndugu zake wanapompelekea mzigo. Anaeleza kwamba miezi minane iliyopita, akiosha vyombo kabla ya futari, bilauri ilimpasukia mkononi ikamkata kwa ndani, juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kulia. Alishonwa nyuzi saba katika zahanati moja, akarudi nyumbani, na baada ya majuma mawili ngozi ilikuwa imefunga vizuri. Hakuna aliyemwuliza kama vidole vina hisia. Navyo havikuwa nayo: kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikufa ganzi kama vya mtu mwingine.

Miezi ikapita. Kisha ganzi ikaanza kugeuka. Kwanza mchomo kama wa sindano, halafu mshtuko kama wa umeme unaokimbilia vidoleni, na sasa ni moto unaowaka usiku. Pindo la kanga likimgusa, anaruka. Maji ya alfajiri, na Suneka ni nchi ya juu yenye baridi ya asubuhi ambayo sisi watu wa pwani hatuijui, yanamliza machozi. Mumewe amemwambia kidonda kimepona siku nyingi, basi anajitungia. Mkwewe anasema mkono umechezewa na ameshatafuta mtu wa kuuchanja chale. Na yeye mwenyewe ameandika, kwa haya nyingi, kwamba swala za alfajiri zimempita mara kadhaa kwa sababu ya kuogopa kutia udhu.

Nitayajibu yote, lakini nataka kuanza na mume, kwa kuwa naona hapo ndipo penye dhara kubwa zaidi.

Imamu Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir bin Abdullah kisa cha watu waliokuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe akajeruhiwa kichwani. Usiku akaota, ikamlazimu josho. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu hawaioni ruhusa hiyo, maana maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alighadhibika mno, akawahesabu wenzake kuwa ndio waliomwua, na akabainisha kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Wanachuoni wa hadithi wana maneno juu ya baadhi ya njia za mapokezi ya kisa hiki, lakini mafunzo yake yamekubaliwa katika vitabu vya fiqhi. Watu wale hawakuwa waovu. Walikuwa wacha Mungu waliotoa hukumu juu ya mwili wa mwenzao kwa kile walichokiona kwa macho, na macho hayakuweza kuona ndani ya fuvu. Mume anayetazama kovu lililofunga akasema huumwi, amesimama pale pale waliposimama wao.

Sasa tuutazame mkono wenyewe. Mshipa wa fahamu, yaani neva, ni kama kamba iliyosokotwa kwa maelfu ya nyuzi nyembamba, kila uzi umo ndani ya ala yake. Nyuzi za kiganja hazianzii kiganjani. Mizizi yake iko karibu na uti wa mgongo, nazo zimenyooka hadi kwenye ncha za vidole. Kamba hiyo ikikatwa, sehemu iliyo mbele ya mkato hufa yote, hata kama haikuguswa. Jambo hili lilielezwa mwaka 1850 na tabibu mmoja wa London, Augustus Waller, aliyekata neva za ulimi wa chura akazitazama kwa hadubini siku baada ya siku. Lakini sehemu iliyobaki upande wa mzizi haifi. Hupumzika kidogo, kisha huchipua, na machipukizi yake huitafuta njia ya zamani kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha mtu mzima ni kama sentimita 18. Basi hesabu mwenyewe: ni miezi sita na zaidi, kama njia iko wazi.

Na mara nyingi njia haiko wazi. Ncha mbili zisiposhonwa zikakutana, machipukizi hujikunja na kufanya fundo penye kovu, na fundo hilo likiguswa tu hutoa ule mshtuko wa umeme. Hata zikishonwa na mikono hodari, uzi wa kidole gumba waweza kuingia katika ala ya kidole cha kati. Kamba imeungwa, lakini nyuzi zimebadilishana makazi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, anatajwa miongoni mwa matabibu wa mwanzo kuhimiza kuunganisha neva iliyokatika, wakati ambapo wengi waliogopa hata kuigusa. Leo jambo hilo hufanywa kwa darubini na nyuzi nyembamba kuliko unywele, na hufaa zaidi likifanywa mapema, katika siku au majuma ya kwanza. Ndiyo maana mtu aliyekatwa na kioo au panga penye mkono, kabla ngozi haijashonwa, anapaswa kuulizwa: wahisi hapa? Na hapa?

Kuna mtu aliyeufanya mkono wake mwenyewe kuwa kitabu cha jambo hili. Mwaka 1903 daktari Mwingereza Henry Head alimtaka mpasuaji amkate neva ya ngozi katika mkono wake wa kushoto na kuishona, kisha kwa muda wa takriban miaka minne yeye na mwenzake W. H. R. Rivers, huko Cambridge, wakawa wanapima kila kilichorudi. Waligundua kwamba hisia hairudi kwa adabu. Iliyotangulia ilikuwa hisia kali, ya mchomo na baridi, iliyosambaa bila Head kuweza kuonyesha hasa mahali alipoguswa. Ule mguso wa upole, unaomwezesha mtu kutofautisha pamba na sufi, ulichelewa sana. Wataalamu waliokuja baadaye waliipinga nadharia waliyoijenga juu ya majaribio hayo, lakini alichokieleza Head kuhusu ukali wa hisia inayorudi, mama wa Suneka angekisoma na kusema huyu ameandika habari zangu.

Lakini mkono ni nusu ya habari. Nusu ya pili iko kwenye ubongo, na hii ndiyo wengi hawaijui.

Katika ubongo kuna eneo linalopokea habari za mkono, na ndani yake kila kidole kina sehemu yake, kama vyumba katika nyumba. Chembe za ubongo huzungumza kwa kemikali. Chembe moja humwaga kemikali, na ya jirani huipokea kwa vijilango vidogo vilivyo juu yake, viitwavyo vipokezi. Kila kipokezi hufunguliwa na kemikali yake, kama kufuli na ufunguo. Zipo kemikali za kuamsha, kubwa yao glutamati, na zipo za kutuliza, kubwa yao ikiitwa gaba. Afya ya hisia ni mizani kati ya hizi mbili. Usingizi wa mtoto mikononi mwako, uzito wa kikombe, joto la chai, vyote ubongo huvipima kwa mizani hiyo.

Neva ikikatwa, chumba cha kidole hukosa habari ghafla. Ubongo haukubali kukaa na chumba kitupu. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba nguvu ya utulizaji hupungua katika eneo hilo, vipokezi vya kutuliza navyo hubadilika, na vipokezi vya kuamsha huwa vyepesi kuitika. Milango iliyokuwa imefungwa kati ya vyumba hufunguka, na majirani huingia. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Marekani, Michael Merzenich na Jon Kaas pamoja na wenzao, walichora ramani ya mkono katika ubongo wa nyani waliokatwa neva ya kiganja, wakaona sehemu iliyonyimwa habari ikichukuliwa na sehemu za jirani. Kisha wakaona jambo lingine. Neva iliyopondwa tu, ambayo nyuzi zake hurudi katika ala zilezile, ilirejesha ramani karibu kama ilivyokuwa. Neva iliyokatwa ikashonwa ilirudisha ramani iliyovurugika, vipande vya kidole kimoja vikiwa vimetawanyika mahali pengi. Ubongo ulipokea barua zilizoandikwa anwani zisizo zake.

Mambo kama hayo hutokea pia katika uti wa mgongo, pale maumivu yanapopita kwenda juu. Chembe zake hulegeza breki zake, hata habari ya mguso mwepesi ikapitishwa kama habari ya moto. Ndivyo pindo la kanga linavyogeuka kaa. Na kuna jambo la tatu. Mwenyezi Mungu ameweka ndani ya mwili wetu vitulizo vinavyofanana na afyuni, na ubongo una vipokezi vyake maalumu. Wataalamu waliopiga picha bongo za watu wenye maumivu ya neva wamekuta kwamba vipokezi hivyo vinavyopatikana kwa kazi ni vichache kuliko vya watu wazima wa afya. Usistaajabu basi vidonge vya kawaida vya dukani visipomfaa huyu mama.

Kwa hiyo mume akiuliza kama maumivu yamo kichwani mwa mkewe, jibu ni ndiyo, yamo, kama vile kuona na kusikia kulivyomo. Hakuna maumivu ya mtu yeyote yasiyomo humo. Kuyatunga ni jambo jingine kabisa, nalo halina dalili hapa.

Inafaa niseme kwamba majirani zake wa Kigusii wana historia ya kulijua hili kuliko wengi. Waganga wao wa upasuaji, ababari, walijulikana hata na madaktari wa Kizungu kwa kufungua fuvu la mtu aliyepigwa kichwani ambaye jeraha lake lilipona lakini kichwa kikaendelea kumwuma kwa miezi au miaka. Walikwangua mfupa, wakaondoa kipande, na ustadi wao uliandikwa katika karne iliyopita. Sishauri mtu yeyote aende huko. Lakini angalia walichokiamini kabla ya kushika kisu: kwamba mtu aweza kuwa na ngozi nzima na bado anaumwa kweli.

Ama shauri la mkwe. Kuwepo kwa majini ni katika itikadi yetu na husda ni kweli. Lakini si kila kisichoonekana ni chao. Mama ameniandikia kwa uangalifu mkubwa vidole vinavyowaka: gumba, shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete iliyo upande wa kidole cha kati. Nusu ya pili ya kidole cha pete na kidole cha mwisho havina neno. Huo ndio mpaka hasa wa neva ya kati ya mkono, kama ulivyochorwa katika kila kitabu cha tiba. Ni jini gani huyu anayejua kugawa kidole cha pete katikati? Kisomo cha Qur'ani juu ya mgonjwa ni kheri, na mkwe akitaka amsomee kila usiku. Chale hapana. Kuchoma kwa chuma cha moto hapana. Mkono huu hauhisi sawasawa, utaungua hadi mfupa kabla mwenyewe hajajua.

Namshauri aende katika hospitali kubwa, na ya karibu naye ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, aombe kuonwa na daktari wa upasuaji, na aseme waziwazi: nilikatwa hapa, vidole hivi vilikufa ganzi. Daktari atagonga kwa kidole chake kuanzia kovu kuelekea kiganjani. Mahali ambapo mgongo huo unazusha sindano za vidoleni ndipo machipukizi yalipofika. Kama mahali hapo panasogea mbele mwezi hadi mwezi, neva inakua. Kama pamebaki penye kovu tu, huenda kuna fundo, na upasuaji wa kuunganisha bado waweza kuzungumzwa. Asichelewe, kwani misuli ikikaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu bila neva huwa vigumu sana kuihuisha, ijapokuwa hisia yaweza kurudi hata baadaye.

Yawezekana atapewa amitriptilini au gabapentini. Nawaonya watu wa nyumbani mapema. Karatasi iliyomo ndani ya boksi itasema moja ni ya huzuni na nyingine ni ya kifafa, na atatokea mtu wa kusema daktari amemwona mwendawazimu. Sivyo. Dawa hizo huigusa ile ile mizani ya kemikali tuliyoieleza, ndiyo maana hutumika kwa maumivu ya neva, kwa dozi anayoijua daktari. Haziwafai wote, huleta usingizi, huchukua majuma kuonyesha faida, na hazikatwi ghafla. Akiwa na mimba au ananyonyesha, aseme.

Hapa hutokea wasemao, na baadhi yao hukaa mimbarini, kwamba muumini husubiri kama Urwa bin Zubeir, aliyekatwa mguu bila kukubali kileo cha kumpoteza fahamu. Kisa hicho ni kitukufu. Lakini kinasimuliwa nusu. Urwa aliwakubali matabibu, aliuleta mguu wake mbele ya msumeno wao, hakukaa nyumbani akingoja. Na Nabii Ayub (A.S.) alimlalamikia Mola wake madhara yaliyompata, na hakuna aliyesema kwamba subira yake ilipungua kwa hilo. Kumnyima mgonjwa dawa kwa jina la subira ya mtu mwingine ni kujipa thawabu kwa maumivu ya jirani.

Kazi kubwa, hata hivyo, itafanyika nyumbani, kwa kuwa ubongo ulioivuruga ramani ndio utakaoifunza upya. Mara kadhaa kwa siku, dakika chache tu, aupapase mkono kwa kitu laini anachoweza kukistahimili, pamba au kitambaa cha hariri. Akikizoea apande hadi kanga iliyofuliwa mara nyingi, kisha taulo, kisha atumbukize vidole katika bakuli la mchele, baadaye maharagwe. Atazame kwa macho anapopapasa, halafu afumbe macho na kujaribu kukisia. Sarafu, kifungo, ufunguo, punje ya hindi: avitambue kwa vidole peke yake. Watoto wanaweza kuufanya kuwa mchezo naye. Kuufunga mkono kitambaa na kuuficha kutwa nzima kunaufundisha ubongo kuogopa zaidi. Asibebe sufuria ya moto kwa mkono huo, wala asijaribu mafuta ya maandazi kwa kidole. Wasomaji wenye kisukari ambao nyayo zao huwaka moto usiku nao wayazingatie haya ya kuungua, kwa kuwa neva zao pia hudhurika, ingawa sababu ni nyingine.

Limebaki la udhu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, faradhi katika kuosha mkono ni maji kupita juu ya ngozi. Kusugua ni sunna, na sunna huachwa kwa udhuru. Basi asisugue. Apashe maji moto, ayamimine taratibu kutoka kwenye kata, yapite juu ya kiganja na vidole hadi kwenye viwiko, imetosha. Maji yaliyopashwa kwa moto hayana karaha, isipokuwa yakiwa makali mno. Joto lake alipime kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia utamdanganya. Mumewe akiamka kabla yake akawasha jiko, hiyo ni katika kusaidiana kwa wema, na huenda itamfaa kuliko maneno yake yote ya miezi minane.

Ikiwa hata maji ya vuguvugu humzidishia maumivu makali, au daktari amesema yatachelewesha kupona, anayo ruhusa. Ataosha viungo vilivyo vizima, na kwa sehemu asiyoweza kuiosha atatayamamu. Tayamamu hiyo aifanye ilipofika zamu ya kuosha mikono, kwa kuchunga mpangilio wa udhu, akipitisha vumbi kwa upole. Ataikariri kwa kila swala ya faradhi. Kwa kuwa mkono haukufungwa bendeji, swala atakazosali hivyo hatazirudia. Zile za alfajiri zilizompita atazilipa, pole pole, kadiri ya uwezo wake, na siku ya kulipa aanze na maji ya moto.

Wallahu aalam.